Denis Pritt, avoka wa Kapenguria

 

Katika mikutano yetu ya kando ya ziwa kuna swali moja ambalo halichoki kurudi. Linatoka kwa vijana wanaobeba mizigo kwenye bandari ya Kalundu, linatoka kwa walinzi wa usiku waliofukuzwa kazi bila kulipwa hesabu yao ya mwisho, linatoka kwa akina mama waliokuta shamba lao lina mwenyewe mwingine siku waliporudi kutoka Tanzania. Wanatuuliza: kama mwenye nguvu atashinda tu, kumlipa avoka kuna faida gani? Wengine wanaongeza kwamba hizo franga ni afadhali kununua bati la nyumba. Hatuwezi kuwacheka. Mtu aliyelala miaka 10 katika kambi ya Nyarugusu au Lugufu, akashuka Baraka na bidoni moja na turubai la HCR, ana haki ya kuhesabu franga yake mara mbili.

Safari hii hatutajibu kwa maneno ya semina. Tumechagua kusimulia maisha ya avoka mmoja aliyekufa zamani, Mwingereza, ambaye jina lake wazee wengi wa Kenya na Tanzania wanalijua mpaka leo. Aliitwa Denis Nowell Pritt. Katika maisha yake alishinda kesi nyingi, lakini zile kesi mbili zilizofanya ajulikane huku kwetu Afrika Mashariki, zote mbili alishindwa. Ndiyo maana tumemchagua yeye.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1887, upande wa London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyuma, kwa hiyo hakuzaliwa katika shida. Alisoma kwenye shule ya Winchester, shule ya watoto wa watu wenye uwezo, kisha wakampeleka Uswisi na Ujerumani kujifunza lugha. Mwaka 1909 akaingia katika kazi ya uavoka. Siasa yake ya kwanza ilikuwa ya chama cha Conservative, chama cha wenye mali na wenye kutaka mambo yabaki kama yalivyo. Baadaye akaenda kwa Liberal, halafu mwaka 1918 kwa chama cha Labour, chama cha wafanyakazi. Mtu akitembea hivi kutoka upande mmoja mpaka mwingine, sisi huku tungemwita kigeugeu. Kwake safari ilikuwa ya upande mmoja tu, na hakurudi tena nyuma. Mwaka 1927 akapewa cheo cha King's Counsel, yaani avoka mkubwa wa Mfalme. Kesi za biashara zilimpa fedha nzuri. Angeweza kuishi hivyo mpaka kufa, akila vizuri na kulala vizuri.

Lakini miaka ile Uingereza ilikuwa na watu wengi sana wasio na kazi. Viwanda na machimbo ya makaa vilifungwa, wanaume walizunguka barabarani kutafuta kibarua, na polisi iliwaangalia kama wezi. Pritt akaanza kusimama kwa ajili yao. Mwaka 1934 alimtetea Tom Mann, mzee wa miaka 78, kwenye tribunali ya Swansea, nchi ya Wales. Vijana wa Kalundu wangempenda huyo mzee. Alikuwa mmoja wa viongozi wa ule mgomo mkubwa wa wabebaji mizigo wa bandari ya London mwaka 1889. Wabebaji wale walikuwa wanasimama getini asubuhi wakingoja kuchaguliwa, wengine kwa saa chache tu, na walidai senti sita za Kiingereza kwa saa. Waliupata mshahara ule. Sasa, miaka 45 baadaye, serikali ilimshitaki Mann kwamba hotuba zake mbele ya wachimbaji wa makaa zilikuwa za uchochezi. Baraza la wananchi waliokaa kumhukumu walimwachilia huru, yeye pamoja na mwenzake Harry Pollitt.

Kesi nyingine ya mwaka huo haikwenda vizuri, na kwetu ina mafundisho zaidi. Mwanamke mmoja, Katherine Duncan, alitaka kusimama juu ya kisanduku na kuzungumza barabarani, mbele ya kituo walipofundishwa watu wasio na kazi, mtaa wa New Cross, London. Hakuwa amemtukana mtu, hakuwa ameziba njia. Mkubwa wa polisi akamwambia ahame, aende kuzungumzia mtaa wa pembeni. Akakataa, akakamatwa, akatozwa faini ya shilingi 40. Pritt alipeleka rufaa yake mpaka mahakama ya juu. Hoja yake ilikuwa kwamba polisi hana ruhusa ya kunyamazisha mtu ambaye hajavunja sheria, ati kwa sababu anahofia fujo inaweza kutokea. Majaji wakakataa. Wakasema polisi alikuwa anatimiza kazi yake.

Basi, alishindwa. Lakini ile hukumu ilibaki imeandikwa, na wanafunzi wa sheria wa Uingereza, pamoja na wale wa nchi zinazofuata sheria za Kiingereza, bado wanaisoma kila mwaka na kubishana juu yake. Wengi wanaona kwamba majaji ndio waliokosea. Kama Mama Duncan angelipa zile shilingi 40 na kurudi nyumbani kimya, jambo lenyewe lingesahauliwa wiki ileile. Askari angeendelea kuhamisha watu, na hakuna ambaye angelazimika kueleza kwa maandishi ni kwa sheria gani.

Hapo tunaomba msimame kidogo nasi, kwa sababu ndipo kazi ya avoka ilipo. Watu wengi wanafikiri avoka ni mtu wa kuongea vizuri. Kuongea ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kumlazimisha mwenye nguvu ataje: umemfukuza lini, kwa kosa gani, nani alishuhudia, karatasi iko wapi, na mkiyataja yaandikwe na kupigwa muhuri. Mtu mwenye nguvu anapenda mambo ya mdomo. Mdomo hauachi alama.

Huku kwetu wakati ule, kando ya Tanganyika, hayo yote yasingewezekana. Katika Kongo ya Wabelgiji sheria ya mwaka 1922 ilifanya mfanyakazi mweusi anayeacha kazi kabla ya mkataba kuisha aweze kufungwa gereza. Katika bonde la Ruzizi, kama sehemu nyingine nyingi, wazee wetu walilazimishwa kulima pamba. Ruhusa ya Mwafrika kuingia katika sendika ilikuja mwaka 1946 tu, na fimbo, ile chikoti ambayo babu zetu waliisimulia, iliendelea mpaka mwaka 1959. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na jaji Mkongomani. Kwa hiyo tukitafuta habari za avoka aliyesimama na wafanyakazi weusi mbele ya serikali ya kikoloni, tunalazimika kuangalia ng'ambo ya mashariki, Kenya na Tanganyika. Huko Pritt alifika akiwa na miaka 65.

Kenya, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, na usiku huohuo askari wakaanza kukamata viongozi. Sita kati yao wakachaguliwa kwa kesi kubwa: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kungu Karumba. Wengi wanawajua kama watu wa siasa, na ni kweli. Lakini Kubai alikuwa kiongozi wa sendika ya madereva na watu wa usafiri, na Kaggia aliongoza sendika ya makarani. Miaka miwili kabla yake, serikali ilikuwa imemkamata Makhan Singh, Mhindi aliyefanya kazi ya kuwaunganisha wafanyakazi Waafrika na Wahindi, ikamweka kizuizini bila mwisho. Alitoka mwaka 1961. Kwa serikali ya mkoloni, mtu anayekusanya wafanyakazi na mtu anayekusanya watu wa uhuru walikuwa mtu mmoja. Hapo kwa kweli hawakukosea sana.

Kesi haikufanywa Nairobi. Waliipeleka Kapenguria, kijiji cha kaskazini-magharibi, katika eneo ambalo mtu haruhusiwi kuingia bila kibali cha serikali. Hapakuwa na tribunali, wakatumia darasa la shule. Hapakuwa na hoteli, hapakuwa na simu, hapakuwa na maktaba ya vitabu vya sheria. Maavoka walilala Kitale, kiasi cha kilomita 40, wakaenda na kurudi kila siku katika vumbi. Kitale yenyewe ilikuwa mji wa masetla, na hoteli za Wazungu hazikupokea Wahindi wala Waafrika. Timu ya watetezi ikala na kulala kwa kutawanyika, huku mteja wao yuko ndani ya waya.

Ile timu ndiyo tunapenda marafiki zetu wafadhili waijue, kwani nao wanatuma msaada kutoka mbali bila kujua unaangukia wapi. Pritt alitoka London. Diwan Chaman Lall alitoka India, kwa kutumwa na Nehru. H. O. Davies alitoka Nigeria. Dudley Thompson alikuwa Mjamaika aliyefanya kazi ya uavoka Tanganyika, jirani kabisa. Kisha wenyeji wa Kenya: Achhroo Kapila, Jaswant Singh, na kijana Fitz de Souza, mwenye asili ya Goa. Hakuna hata Mkikuyu mmoja kati yao, kwa sababu serikali haikuwa imesomesha Wakikuyu sheria. Kapila na wenzake wa Nairobi ndio walioijua nchi, lugha na watu. Pritt alileta uzoefu na jina ambalo gazeti la London lisingeweza kulipuuza. Mmoja bila wengine asingefika popote.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeitwa tena kwa kesi hii moja. Baadaye ilijulikana kwamba serikali ilimlipa pauni 20,000 nje ya mshahara, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Shitaka lilikuwa kwamba hawa sita waliongoza Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku. Pritt akaanza na maswali madogo kabisa. Wameongoza lini? Mahali gani? Kwa tendo gani? Nani alikuwepo? Shitaka halikutaja. Polisi walikuwa wamebeba mizigo ya karatasi na vitabu kutoka nyumbani kwa Kenyatta. Pritt akadai watetezi nao wazione karatasi hizo, kwani mtu atajiteteaje kwa barua zake mwenyewe kama hazishiki mkononi?

Halafu likaja suala la mkalimani. Serikali ilimweka Louis Leakey, mtaalamu maarufu wa mifupa ya watu wa kale, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Kenya na kusema Kikikuyu kama maji. Lugha aliijua, hilo hakuna aliyebisha. Lakini alikuwa anaandika na kufanya kazi upande wa serikali kupinga Mau Mau. Pritt alikataa. Aliona mtu mwenye upande wake hawezi kuwa mdomo wa mshitakiwa. Mwishowe Leakey akaiacha kazi hiyo. Sisi tunaotembea na wanachama katika ofisi za huku tunalielewa jambo hili haraka. Mama anasema Kibembe au Kifuliiru, anayeandika anaandika Kifaransa, na katikati yao anakaa mtu yeyote aliyepatikana mlangoni siku hiyo. Maneno matatu yakipotea hapo katikati, shamba limekwenda.

Shahidi mkubwa wa serikali aliitwa Rawson Macharia. Alisema kwamba mwezi Machi 1950 alimwona Kenyatta kwa macho yake akiwalisha watu kiapo cha Mau Mau. Watetezi walileta mashahidi waliokana habari hiyo. Thacker akamwamini Macharia, akaacha wengine.

Katikati ya kesi Pritt alipeleka telegramu kwa wabunge wa London, akilalamika kwamba namna kesi inavyoendeshwa inakaribia kuwanyima watu haki. Thacker alikasirika, akasimamisha kesi na kumtuhumu Pritt kuidharau mahakama. Sasa mtetezi naye akageuka mshitakiwa! Mahakama Kuu ya Nairobi ililisikiliza jambo hilo, na mwisho wa Desemba 1952 ikamwona hana hatia. Akarudi Kapenguria kuendelea na kazi.

Tarehe 8 Aprili 1953 hukumu ikatoka. Wote sita walionekana na hatia: miaka saba ya kazi ngumu, na baada ya hapo kuwekwa mahali watakapoambiwa, bila kutajiwa siku ya kutoka.

Mtu wa mikutano yetu angesema hapo: mmeona? Avoka wa Mfalme, maavoka wa nchi tano, telegramu, na watu wamefungwa tu. Tunakubali kwamba wamefungwa. Lakini fuateni kilichofuata.

Katika rufaa, watetezi walileta hoja ambayo ingeweza kumpita mtu asiyesoma kila karatasi. Thacker alikuwa ameandikiwa cheo cha hakimu wa eneo la mpaka wa kaskazini, na Kapenguria wakati ule ilihesabiwa katika mkoa wa Bonde la Ufa. Yaani alihukumu mahali ambapo karatasi yake haikumruhusu kuhukumu. Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ikakubali, ikafuta hukumu na kuamuru kesi ianze upya. Serikali ya kikoloni ilipata aibu kubwa. Ikakimbilia Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, nayo ikairudisha hukumu ya kwanza. Januari 1954 rufaa ikasikilizwa tena, na safari hii Achieng Oneko aliachiliwa na majaji. Yeye alikuwa Mjaluo ambaye hata Kikikuyu hakukijua vizuri, na ushahidi juu yake ulikuwa mwembamba kama karatasi ya sigara. Lakini hakurudi nyumbani. Serikali ilimshika tena kwa amri ya kizuizini, na alikaa huko miaka mingine. Mwaka huohuo wa 1954 Baraza la Mfalme huko London, ngazi ya mwisho ya rufaa, lilikataa hata kuwasikiliza wale watano.

Kisha mwaka 1958 Rawson Macharia alikula kiapo na kuandika kwamba alidanganya Kapenguria, na kwamba serikali ilimwahidi masomo Uingereza na malipo. Serikali ilimshitaki kwa kiapo hicho na kumfunga. Lakini dunia sasa ilijua. Maneno yake ya mwaka 1953 yalikuwa yameandikwa neno kwa neno, maswali na majibu, kwa sababu palikuwepo watu wa kumuuliza. Uongo ambao umeandikwa vizuri unaweza kukamatwa baada ya miaka mitano. Ule wa mdomo unazikwa na mwenyewe. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, na Desemba 1963 Kenya ikawa huru, yeye akiwa kiongozi wake. Kwa maoni yetu si maavoka waliomtoa, ni watu wa Kenya waliokataa kumsahau na wale waliokufa misituni. Lakini maavoka walihakikisha serikali haitaweza kusema kamwe kwamba kesi ile ilikuwa safi.

Mwaka huo wa 1958 Pritt alikuwa tena huku, mara hii Dar es Salaam. Wale waliosoma katika shule za kambi za Kigoma wanamjua Mwalimu Nyerere, ila pengine hawakuambiwa kwamba alishitakiwa. Katika gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, Nyerere aliandika makala akiwalaumu wakuu wa wilaya wawili wa Kizungu kwa namna walivyowatendea watu na viongozi wa chama. Akashitakiwa kwa kuwakashifu. Pritt alikuja kumtetea pamoja na Mahmud Rattansey, avoka wa palepale Tanganyika. Kesi ilianza Julai, mwezi uleule alipofika gavana mpya Richard Turnbull, na Agosti Nyerere akahukumiwa: alipe shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Alilipa, akarudi kazini. Uchaguzi ulikuwa karibu, na TANU ilimhitaji nje. Tena Pritt ameshindwa. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1961, Tanganyika ilipata uhuru, na nchi hiyo ndiyo iliyokuja kutupokea sisi na wazazi wetu.

Tunataja wanachama waliofanya kazi za siku kwa siku waelewe kitu kimoja cha kwetu, maana si haki kusimulia Kenya tu. Kodi ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mkataba uwe wa maandishi, lakini usipoandikwa mfanyakazi anaweza kuuthibitisha kwa njia yoyote: mashahidi, daftari la zamu, ujumbe wa simu. Inasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena na mwajiri huyohuyo kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho wa tarehe. Na ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake unapita kwanza kwa inspekta wa kazi kwa mapatano, ndipo ukienda tribunali. Kwa hiyo mtu wa Kalundu anayeandika kila jioni kwenye kidaftari tarehe, jina la boti, idadi ya magunia na nani aliyemlipa, ameshaanza kesi yake kabla hajamwona avoka. Kidaftari hicho kinanunuliwa kwa franga chache.

Turudi kwa Pritt, kwa sababu kuna upande wake ambao waliompenda walizoea kuupitia haraka. Sisi hatutaupitia haraka. Agosti 1936 alikwenda Moscow kuangalia kesi ya Zinoviev na Kamenev, viongozi wa zamani wa mapinduzi ambao Stalin aliwageuka. Washitakiwa walikuwa 16. Walisimama wakakiri makosa makubwa kabisa, na wote wakauawa kwa risasi. Pritt alirudi London na kuandika kitabu kidogo akisema kesi ile ilikuwa ya haki. Mtu yuleyule aliyekuja kuuliza Kapenguria lini, wapi, nani aliona, kule Moscow hakuuliza. Watu walikiri bila karatasi za kuthibitisha, naye akaona kukiri kunatosha. Baada ya Stalin kufa, Warusi wenyewe walianza kufungua mafaili na kuonyesha namna watu walivyoteswa ili wakiri, lakini Pritt alibaki upande wa Urusi. Mwaka 1940 chama cha Labour kilikuwa kimeshamfukuza kwa sababu alitetea jeshi la Urusi kuingia Finland. Watu wa Hammersmith North, waliomchagua kwanza mwaka 1935, walimchagua tena mwaka 1945 akiwa peke yake bila chama, halafu mwaka 1950 wakamwacha. Mwaka 1954 alipokea Tuzo ya Stalin ya Amani.

Tumebishana juu ya hilo hapa ofisini. Mmoja wetu aliona tusilitaje, kwamba litawavunja moyo wasomaji. Wengine tukaona kinyume: wanachama wetu wamekwisha kuona watu wanaotetea haki za kabila moja na kufumba macho kwa jirani, wanaopiga kelele juu ya askari wa upande mmoja na kunyamaza juu ya wa upande mwingine. Wangeigundua wenyewe. Pritt alikuwa na jicho kali kwa dhuluma ya nchi yake mwenyewe, na hilo ni gumu kuliko watu wanavyofikiri. Kwa dhuluma ya marafiki zake alikuwa kipofu, na wale 16 hawakupata mtu wa kuwaulizia.

Kazi yake haikuishia Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alisimama London upande wa Ho Chi Minh, aliyekuwa amekamatwa Hong Kong na kutakiwa na Wafaransa; mtu yule akaokoka, akaja kuwa baba wa taifa la Vietnam. Mwaka 1954, akiwa hajapumzika vizuri kutoka Kenya, alikuwa Singapore akiwatetea wanafunzi wanane wa chuo kikuu walioshitakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya gazeti lao, Fajar. Msaidizi wake alikuwa avoka kijana aitwaye Lee Kuan Yew, ambaye baadaye aliitawala Singapore kwa miaka mingi, na kwa mkono mzito. Kesi ile Pritt aliishinda: wanafunzi wote wakaachiliwa.

Mwaka 1965, akikaribia miaka 80, alikwenda Ghana kufundisha sheria katika chuo kikuu, mpaka mwaka 1966, mwaka ambao jeshi lilimpindua Nkrumah. Akarudi kwao Uingereza, akaandika kumbukumbu za maisha yake, akafa tarehe 23 Mei 1972. Fitz de Souza, yule kijana wa Kapenguria, alikuja kuwa naibu spika wa bunge la Kenya huru. Dudley Thompson alirudi Jamaika na kuwa waziri wa mambo ya nje. Gereza dogo la Kapenguria walimofungwa wale sita sasa ni makumbusho, na Nairobi kuna barabara inayoitwa Denis Pritt.